Geti la Marehemu Mzee Thani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Enos Odhiambo anapangusa geti kwa kitambaa kikavu, taratibu, kama anayemfuta mgonjwa jasho. Hapa Qurum, Muscat, bahari iko jirani na chuma huamka kimelowa umande. Ukipaka rangi juu ya maji, itabanduka. Ukingoja jua lipande, chuma kitachoma na rangi itafura malengelenge. Katikati kuna muda mfupi tu, na leo Enos hataki umpite.

"Lazima liishe leo, kabla mama hajatoka," anasema bila kuinua kichwa.

Mama anayemtaja ni Bi Kheiria, mjane wa Mzee Thani, mwenye nyumba hii. Ni Waomani waliotoka Unguja, na Kiswahili bado ndiyo lugha yao ya nyumbani. Bi Kheiria amekaa eda miezi minne na siku kumi, na kesho inamalizika. Ameomba jambo moja: siku atakayotoka, alikute geti na rangi ya kijani aliyoichagua mumewe. Aliyepewa kazi hiyo ni fundi yule yule aliyewatibulia msiba.

Enos, mwenye miaka arobaini na mitatu, ametokea Ugenya, magharibi mwa Kenya. Kwa miaka tisa amekuwa akikwangua kutu na kupaka rangi mageti ya Muscat. Kiangazi, kazi za juani husimama mchana kwa amri, lakini hata asubuhi vumbi la kutu humkaba kifua. Anaishi Hamriya, chumba kimoja na wenzake wanne.

Mzee Thani alimwita mwenyewe, akamchagulia rangi, akamwambia aje Jumatatu. Jumatatu Enos akaja. Hakuna aliyemwambia kwamba mzee alikuwa amefariki na kuzikwa siku iliyotangulia.

Alilikuta geti wazi, mabawa yote mawili. Nyumba nyingi za hapa huacha geti wazi siku tatu za matanga ili anayekuja kutoa pole asibishe hodi. Enos hakulijua hilo.

"Nilisema, huyu mzee ni mtu wa maana, amenifungulia mapema," anasimulia. "Niliona viatu vingi mlangoni, watu wametulia, harufu ya udi. Kwetu mtu akifa utasikia ukiwa bado barabarani. Hapa hakuna hata sauti. Nilijua ni wageni wa harusi."

Akawasha mashine ya kusugua kutu. Ikanguruma mtaa mzima, na ndani wanawake wanasoma Kurani. Kila aliyepita alidhani fundi kaitwa na wenyewe, basi akanyamaza. Ghaith, mtoto mkubwa wa marehemu, aliporudi kutoka msikitini wanaume walikokuwa wakipokea pole, bawa moja lilikuwa jekundu kwa rangi ya kuzuia kutu, na buibui la shangazi yake, Bi Shariffa, lilikuwa na mchirizi wa rangi hiyo kuanzia begani hadi chini.

"Nlimwambia aondoke asirudi tena," anasema Ghaith. "Baba tumemzika jana, leo mtu anapiga mashine getini! Nlihisi tunadharauliwa."

Enos alikusanya vitu vyake, akaenda kuketi kituo cha basi. Basi lilikuja likaondoka, naye hakuinuka. Aibu ilimla, lakini kulikuwa na jingine lililomla zaidi. Mwaka mmoja kabla, mama yake mzazi alifariki Ugenya, naye hakupata ruhusa ya kwenda. Mazishi aliyatazama kwenye simu, kitandani, sauti ameipunguza kabisa kwa sababu wenzake walikuwa wametoka zamu na wamelala.

"Niliwaona wakilia, midomo tu," anasema. "Mimi sikulia. Sasa tena nimeharibia wenyewe msiba wao."

Ghaith alitaka kutafuta fundi mwingine. Mama yake akakataa katakata, na kwa miezi yote hiyo geti likabaki nusu jekundu, nusu kutu, majirani wakishangaa.

"Nlimuuliza Ghaith, huyu kaitwa na nani? Si babaako?" anasema Bi Kheiria kutoka nyuma ya pazia la dirisha. "Na nani katika sisi alompigia simu kumwambia babaako hayupo? Hakuna. Kosa letu sote."

Wiki iliyopita ndipo Ghaith alipompigia Enos simu arudi, na katika mazungumzo akasikia habari ya mama yake Enos. Kufika saa mbili, mpako wa mwisho umekamilika. Ghaith anatoka, anaweka tofali chini ya bawa lisiyumbe likajikwaruza. "Bwana Enos," anasema, "karibu kahawa." Enos anakipokea kikombe kwa mikono miwili.

Sauti ya Bi Kheiria inasikika tena dirishani. "Mwanangu, Ghaith kanambia na wewe ulifiwa na mamaako. Ulimlilia?"

"Bado, mama."

"Basi nenda kwenu. Mama halimbikiwi kilio."

Tiketi ya Desemba ameshaikata. Kwao, aliyekosa mazishi huanza kulia tangu pale pa kuingilia boma, kwa sauti, hata kama umepita mwaka.

"Nitashukia barabarani, nitembee," anasema Enos. "Nikifika tu pale, nitamwita mama kwa jina lake. Nataka kijiji kizima kinisikie."