Nyaya Nne

Zamani kitu kikiharibika kilipelekwa kwa fundi, siku hizi kinatupwa jalalani, na binti jirani yangu wa chumba cha pili ndiye pekee niliyemwona akirudi nacho nyumbani. Alikuwa aking'oa mota kwenye printa mbovu, zile zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo. Mota ina nyaya nne na haina maelezo. Basi husokota pamoja ncha za nyaya mbili, hufumba macho, huzungusha mhimili kwa vidole. Ukizunguka kilaini, hujaribu nyaya nyingine. Ukiwa mzito, hutabasamu: "Hizi ni za koili moja, msokoto mmoja wa waya humo ndani."

Mama yake hainuki kitandani, na alichoka kuomba watu wamfungulie pazia, basi binti akafunga mota juu ya pazia na swichi kando ya kitanda. Siku ya kwanza binti alipobonyeza swichi, mota ilitetemeka tu pale pale.

"Itupe," nikasema. "Vitu vya siku hizi havina roho."

"Nzima hiyo, babu. Nimechanganya nyaya za koili mbili."

Mama akacheka. "Mwache mwanangu. Babu yako huyo hata redio yake huiwasha kwa makofi."

Binti akafungua nyaya zote, akaanza upya.

Mara ya mwisho kumwona, asubuhi niliyohamia kwa mwanangu, alisimama barabarani, bisibisi nyuma ya sikio, akitazama dirisha lao. Pazia lilisogea, likasita, likafunguka lote. Nikamtazama mikono, ilikuwa mitupu.

"Sijagusa kitu, babu," akasema. "Huyo ni mama."