Siku Uzio Wangu Ulipokwenda Harusini

Jamani, karibu wanawake wote wa mtaa wetu hapa Bububu wameshaniona nilivyo, na kila siku tunaamkiana kana kwamba hapajatokea kitu, basi bora niwahadithie mwenyewe kuliko mkayasikia barazani.

Tulipohamia, mke wangu Zuwena aliniwekea sharti moja: uwani kwetu kunaonekana barabarani, naye hawezi kushinda na buibui ndani ya kwake, nisipomsitiri anarudi kwa mama yake Malindi. Ukuta wa matofali siuwezi. Nikenda kwa muuza miche, akanionesha michongoma (ina miba, nikaikataa), akanionesha minyaa (utomvu wake ukikuingia jichoni utajuta), nikachagua mihina, kwa kuwa ina majani mwaka mzima na maua yake yananukia. Wallahi ilinishangaza! Ilishonana, ikanipita kimo, mpaka Zuwena akawa anakaa uwani kichwa wazi akichagua mchele, nami nikajiona mume hasa.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimelala, na Zuwena keshakwenda kusaidia kupika kwa jirani yetu Bi Time, aliyekuwa anamwoza binti yake. Mara Bi Time mwenyewe akagonga dirisha.

"Mwanangu, naomba majani ya hina, bibi harusi anatiwa leo."

"Shikamoo Bi Time, chukueni tu, yote yenu hayo," nikajibu hata macho sijafungua (mdomo wangu ndio huo).

"Marahaba, Mungu akuzidishie."

Sikufikiri kwamba hina haitiwi bibi harusi peke yake, wapo mama, mashangazi, mashoga zake na majirani. Adhuhuri nikaamka, maji ya ndani hayapandi kama kawaida yake, nikatoka uwani na usingizi wangu, taulo nikalitupa kwenye kamba, nikajipaka sabuni uso na mwili, nikasikia vigelegele, nami nikaitikia kwa wimbo (na kiuno nikakitikisa kidogo). Nikajimwagia maji, nikafungua macho. Uzio hakuna! Vijiti vitupu, na nyuma ya vijiti wanawake na mapakacha yao ya majani, Zuwena katikati yao.

"Ndo stara uloniahidi hii?"

Nilikimbilia ndani na ndoo mbele.

Jioni nikamngoja, nikijua anakuja kufungasha nguo. Akaingia, akaninyooshea mikono, myekundu ya kuiva mpaka viwikoni, nikaishika nikaitazama.

"Huendi kwa mama?"

"Nende wapi? Nnangoja uzio uchipue."

Kesho yake njia nzima ilikuwa mikono hiyo hiyo, na kila mwanamke niliyekutana naye alijiziba mdomo asicheke, kwa mkono uliopambwa na uzio wangu. Subhanallah! Aibu ilinijaa, lakini sikuacha kuitazama.

Mvua zikaja, mihina ikashonana tena. Wenye harusi wakiomba nawapa, siwezi kuwanyima baada ya kuiona ile mikono, ila siku hizi natoka nje mwenyewe kuwapa, na kanzu nimeifunga vifungo mpaka shingoni.