Ufunguo Ulikuwa Dirishani

Ufunguo ulikuwa dirishani. Kwa wiki tatu niliapa kwamba niliufunga kwenye kanga kiunoni. Niliapa mbele ya polisi, mbele ya mama, na mara moja kanisani, bila kuulizwa.

Si kwamba niliogopa kulikosa gari langu lililoibwa. Niliogopa kuchekwa. Mwaka uliotangulia niliandika makala nikiwasuta watu wa mjini: gari la siku hizi ni kompyuta yenye matairi, na ufunguo wake hunong'ona nalo hata ukiwa mkobani. Mwizi mwenye vifaa viwili, kimoja karibu na ufunguo na kingine karibu na gari, huusafirisha mnong'ono huo mpaka gari lidhani mwenyewe amefika. Nilishauri ufunguo uhifadhiwe kwenye kopo la bati, linalouzuia mnong'ono. Mimi sikuwa na kopo.

Gari liliibwa mchana, msibani kijijini Ngonga. Kwetu mwanamke akikaa na wafiwa mkoba ukiwa mapajani, anaonekana ana haraka ya kuondoka. "Unasafiri, mwanangu?" shangazi aliniuliza kabla sijapata mkeka. Nikauweka mkoba dirishani, ufunguo ukiwa ndani, pamoja na mikoba ya wenzangu. Tuliporudi kutoka makaburini, gari halikuwepo. Hakuna kioo kilichovunjwa, wala king'ora hakikulia.

"Limefunguliwa kwa ufunguo," mpelelezi alisema. "Wako ulikuwa kiunoni. Wa pili anao nani?"

Wa pili ulikuwa Bujonde kwa mdogo wangu wa kiume, mkulima wa kakao ambaye hajawahi kuendesha kitu kinachozidi baiskeli. Wakamlaza mahabusu siku mbili, kisha akaamriwa kuripoti kituoni kila Jumatatu. Mama mmoja aliyekuwa akipika msibani alisema alimwona mgeni amesimama nje ya dirisha, amekumbatia begi kama mtu asiyejua aingilie wapi. Mpelelezi hakuliandika hilo. Dirisha lilimhusu nini, ikiwa ufunguo ulikuwa kiunoni mwangu?

Jumapili ukoo ukakutana kumtaka mdogo wangu akiri.

"Mkulima wa kakao anafungua gari bila kugusa kioo!" mume wa dada yangu alisema. "Huyu apelekwe chuo kikuu, akafundishe."

Watu wakacheka. Mdogo wangu hakucheka. "Dada, si wewe uliyeandika mambo haya? Waeleze basi."

Nikaeleza kwa dakika kumi, kisomi kabisa, nikiikwepa sentensi moja tu. Nilipomaliza aliniambia, "Ndaga fijo, dada," asante sana, kwa upole ambao ningeuvumilia zaidi kama ungekuwa tusi.

Basi. Nikatoa simu, nikampigia mpelelezi na kuweka spika ili wote wasikie.

"Afande, ufunguo ulikuwa dirishani. Yule mama mpishi alisema kweli."

"Mama," mpelelezi alisema, "unajua nikiandika hivyo bima watasema ni uzembe? Gari hutalipwa."

"Waseme."

"Na ulinidanganya kwa maandishi, ukatia saini."

"Ndiyo, na kwa mwandiko mzuri. Nije lini kurekebisha?"

Nyuma yangu shemeji alikohoa. Nilimgeukia nikamtazama mpaka akashusha macho.

"Kesho saa mbili asubuhi," mpelelezi alisema. "Uje na huyo mpishi."

"Na mdogo wangu? Kesho ni Jumatatu."

Karatasi zikachakarika upande wa pili.

"Mwambie asije. Aanike kakao yake."