Chai Ilifika Ziwani Salama

Nina hasira, na ninapoandika hivi kalamu inatoboa karatasi. Niliishia darasa la tatu, kwa hiyo anayesoma anivumilie nikizunguka.

Mke wangu ni Mzinza, amezaliwa ufukweni mwa Ziwa Viktoria, mahali pasipofika gari, ni njia ya miguu na mchanga tu. Mimi ni Mhangaza wa Ngara. Nilipomwoa tukahamia huku Runazi kulima mahindi na mihogo, na miaka yote hiyo hakurudi kwao hata mara moja. Sasa nyonga imemharibikia, anatembea kwa fimbo. Ikawa kila siku neno ni lile lile: "Nataka nikanyage maji ya kwetu kabla miguu haijagoma kabisa." Unampelekea uji, anakujibu maji.

Mwenye pikipiki kwetu ni mmoja tu, mume wa binti yetu, na shida ndiyo hiyo. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wake. Wakikutana njiani anapisha, anageukia migomba, anasema "Shikamoo mama" utadhani anaamkia migomba. Marahaba anaipokea kwa mgongo. Mimi mwenyewe uso wa mama mkwe wangu sikuuona vizuri mpaka alipoletwa kwetu Runazi, amezeeka, amesahau mimi ni nani. Hiyo ni habari nyingine.

Asubuhi ya safari mke wangu akasema, "Nikae katikati. Nyonga hii haishiki."

"Katikati ni mgongo wa mkwe," nikamwambia. "Watu watatuonaje?"

"Hao watu ndio wenye nyonga?"

Mkwe alikuwa anafuta taa ya pikipiki iliyokwisha kuwa safi. Nikakaa mimi katikati, niwe ukuta. Mke wangu nyuma kabisa, kwenye keria, tumemkunjia gunia. Chupa ya chai nikaipakata mimi.

Barabara kubwa tulikwenda vizuri. Tulipoingia njia ya ziwani mchanga ukatuyumbisha, mkwe akaongeza moto, mimi nikakumbatia chupa. Tukatokea peupe, nikaliona ziwa. Nikasema, "Haya mama, kwenu pale." Kimya. Nikadhani analia. Kugeuka, gunia tu.

Tulirudi mbio. Tukamkuta amekaa katikati ya njia, mchanga mpaka kwenye nywele, kiwiko kimechubuka, fimbo mkononi.

"Chai imemwagika?" akaniuliza.

"Haikumwagika."

"Basi umefanya kazi."

Mkwe alikuwa amesimama mbali, anatazama vichaka. Mke wangu akamwita, "Wewe, mume wa mwanangu, njoo uninyanyue. Huyu mzee ameshika chupa."

Mkwe akanitazama mimi, anasubiri ruhusa. Nami nikatazama vichaka vile vile alivyokuwa anatazama yeye. Akainama, akamnyanyua, akamkalisha kwenye pikipiki, katikati. Kule ziwani akambeba mpaka ndani, akamshusha maji yakamfika magotini. Mama alisimama humo muda mrefu, amemshika mkwe bega, anamwonyesha nyumba yao ilipokuwa. Mimi nilikaa mchangani na chai. Hakuna aliyeiomba.

Kurudi, tulipita kwenye maduka ya Runazi mke wangu amekumbatia kiuno cha mkwe, anasalimia kila mtu kwa sauti kubwa, makusudi. Mimi ndiye niliyekaa kwenye gunia.

Nimewakasirikia wazee walionifundisha kukaa vile, lakini wamekufa, hakuna wa kugombana naye. Nimemkasirikia mkwe kwa kunitii. Sana sana nimejikasirikia mimi, maana mke wangu alianguka nyuma ya mgongo wangu na sikusikia, nasikiliza chupa isigongwe.

Siku hizi, asubuhi, nikimwendea kumwinua kitandani, hanipi mkono mara moja. Ananiuliza kwanza kama nimeshika kitu.