Mama Kaza na Wavu wa Barabarani

Vibarua wenzake walimwita Mama Kaza, maana neno hilo halikumkauka mdomoni. Kazi yake ilikuwa kutandaza wavu mgumu wa plastiki juu ya udongo kabla kokoto hazijamwagwa, ili zisididimie topeni, na wavu ukilegea hata kidogo aliwafanya waung'oe waanze upya. Safari hii walikuwa mbele ya nyumba ya mama mkwe wake, kwenye barabara iliyokuwa ikimeza magari kila masika.

"Mkwe, tangu lini tope likavuliwa kwa wavu?" mama mkwe alicheka kibarazani. "Lori likipita hapo lisizame, nitacheza mbele ya kadamnasi."

"Basi andaa kibwebwe, mama."

Wavu ukafukiwa kwa kokoto, zikashindiliwa. Mvua ikanyesha siku tatu. Ya nne likaja lori limeshiba mawe. Mama Kaza akabana pumzi. Likizama, ukweni atauficha wapi uso? Lori likapita, likarudi kinyumenyume, likapita tena. Kokoto hazikubonyea hata kidogo.

Vibarua wakaanza kupiga makofi. Mama mkwe akainuka, akajifunga kibwebwe, akaingia barabarani akikata kiuno.

"Kaza, mama!" Mama Kaza akapaza sauti huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Kaza!"