Sikumwona Mutinda

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijawahi kuisimulia kwenye kikao cha kina mama wala kwa watoto niliowazaa. Nakueleza wewe kwa sababu umeanza kuzoea kusema "namjua huyo, ni yeye tu," na kila nikikusikia naikumbuka siku hiyo. Keti. Chai iko kwenye thamosi, na ukungu huu wa Werugha hautatuachia tushike jembe kabla ya saa nne.

Siku hizo hatukuwa tukiishi huku juu. Tulikuwa Kishushe, kule chini kwenye joto, baba yangu akifuga mbuzi. Mama alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayakunipeleka popote, kwa hiyo nikawa mchungaji. Nilikuwa na mbwa aliyeitwa Jeki, mweusi, sikio moja limelala. Nilimlea tangu hajafungua macho. Nikisema ni mbwa tu, nitakuwa nakudanganya.

Ng'ambo ya korongo aliishi Mutinda, Mkamba aliyehamia pale na mkewe, Mama Mwende. Alikuwa na mizinga ya nyuki na kuku wachache. Hakuwa mtu wa maneno. Sisi wenyeji tulimwangalia kwa jicho la pembeni. Si kwamba alikuwa ametukosea, ila hatukujua anawaza nini, na mtu asiyejulikana anawaza nini ni rahisi sana kumwekea mawazo yako mwenyewe. Mwezi mmoja kabla ya mambo haya, Jeki alivuka korongo akaua kuku wake wawili. Baba akaenda kuomba radhi. Mutinda alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mfungeni. Akirudi tena sitakuja kuongea." Maneno hayo niliyaweka.

Mwaka huo fisi walitusumbua vibaya. Baba aliripoti kwa chifu, akaripoti kwa watu wa wanyamapori. Walikuja, wakaandika, lakini barabara ya kule unaijua. Ukiita gari, likifika fisi ameshakula, amelala na ameamka. Mbuzi watatu wakaenda. Halafu akapotea wa nne, jike mwenye madoa, na baba akasema tu, "Huyo naye ameliwa," akaingia ndani.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Jeki amefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya zizi. Hakuwa mbwa wa kufungwa. Baba akaniambia, "Muache hapo leo," akaondoka bila kusema kwa nini. Jeki alilia mpaka nikamhurumia. Nikamfungua. Tulipofika malishoni akanipotea, na nilipompata, jua likiwa utosini, alikuwa kando ya korongo, mapovu mdomoni, miguu imekakamaa. Alikufa kichwa chake kikiwa juu ya goti langu.

Sikuhitaji kufikiri. Ni Mutinda. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemwona akipita na gunia begani, akishuka korongoni. Gunia la nini? Na mbona hakunisalimia? Na mbona siku ile nyingine alisimama kwenye ua wake akimtazama Jeki muda mrefu vile? Nilipofika nyumbani nilikuwa na kesi nzima kichwani, kila kipande kimekaa mahali pake.

Baba alitazama mzoga wa Jeki, akachukua koleo. "Amekufa, tumzike. Hayo mengine yaache."

"Baba, kuna sheria," nikamwambia. "Huwezi kumlisha sumu mnyama wa mwenzako. Mtu anashtakiwa."

"Sheria ipo. Lakini yaache."

Hakunitazama alipokuwa akisema hivyo. Nilidhani anamwogopa Mutinda, na nikamdharau.

Kesho yake nilipata lifti ya lori la mchanga mpaka kituo cha polisi. Afisa aliyeandika alikuwa mtu mzima, mpole. Nikamweleza kuhusu kuku, vitisho, gunia. Aliandika polepole. Kisha akainua kichwa akaniuliza, "Ulimwona akimpa hiyo sumu?"

Mwanangu, hapo ndipo maisha yangu yalipopindia. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Lakini niliona kalamu imesimama, nikaogopa itawekwa chini, na Jeki atakuwa amekufa bure. Nikasema, "Nilimwona. Alimtupia nyama." Nikatia sahihi.

Walimchukua Mutinda siku hiyo hiyo. Alipanda gari bila kubishana, na hata hilo nikalihesabu kuwa dalili ya hatia.

Haikuishia hapo. Siku mbili baadaye mchungaji mmoja alikuta upande wa juu wa korongo tumbusi wengi wamelala chini wamekufa, mbawa zimetapakaa kama nguo zilizoangushwa na upepo. Walikuwapo mbweha wawili na fisi mmoja, na katikati yao mabaki ya mbuzi. Askari wa wanyamapori wakaja kunichukua, maana mimi ndiye shahidi. Njiani mkubwa wao akaniambia, "Sasa hii si kesi ya mbwa peke yake. Kutega sumu porini sheria haina mchezo nayo. Huyu jirani yako atakaa jela miaka." Kisha akanishukuru kwa kujitokeza.

Tulipofika akaniuliza, "Ni hapa ulipomwona?"

Nilikuwa natazama kichwa cha yule mbuzi. Kilikuwa kimebaki karibu kizima. Sikio la kushoto lilikuwa na mikato miwili midogo, mmoja juu ya mwingine, na mikato hiyo niliijua, kwa sababu mimi ndiye niliyemshika mbuzi huyo miguu baba alipokuwa akimkata alama ya zizi letu. Alikuwa jike wetu mwenye madoa.

Nikasema, "Karibu na hapa." Huo ukawa uongo wa pili, na ulinitoka kwa urahisi kuliko ule wa kwanza.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kumchunguza baba yangu mzazi. Niliikumbuka ile kamba. Nikapanda darini kutafuta kopo la dawa ya kupe, ambayo ni sumu kali, halikuwepo. Nilimtazama akinawa mikono, nikajiuliza mbona ananawa muda mrefu. Yeye naye, nadhani, alikuwa akinitazama. Tulikula sahani moja kila mtu akimpimia mwenzake maneno. Nyumba ikikaa hivyo, mwanangu, hata kikohozi kinakuwa na maana.

Siku ya tano akaja Mama Mwende, mtoto mgongoni. Alikataa kiti.

"Sikuja kugombana, Wakesho," akasema. "Nimekuja kuuliza jambo moja. Ulimwona kwa macho yako?"

Baba alikuwa akipukusa mahindi. Akasimama, akatoka nje. Mama Mwende alimfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya zizi, kisha akayarudisha macho kwangu.

"Siku ile alikwenda kurina asali," akasema. "Kwenye gunia kulikuwa na samadi kavu ya kufukizia nyuki. Kama hukumwona, sema hukumwona. Mimi sina kingine cha kukuomba."

Akamkaza mtoto mgongoni. Akaondoka.

Kesho yake nikashuka Voi kwa Mjomba Kilele, ndugu ya mama. Alikuwa karani wa korti kwa muda mrefu, mtu wa suti moja na sauti ya chini. Nilimweleza yote, na kusema kweli nilikwenda nikitafuta ujanja. Nilitaka anionyeshe jinsi ya kumtoa Mutinda bila kumwingiza baba, na bila mimi kuonekana mwongo.

Alinisikiliza akimenya chungwa. Hakulila.

"Mpwa wangu," akasema, "nimeandika maneno ya mashahidi wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wako wanaomshuku mtu leo, wakamshuku kesho, mwisho wake wanaamini kabisa kwamba waliona. Hao nawahurumia. Wewe hukukosea hivyo. Wewe ulijua hukuona, ukasema uliona."

"Nilikuwa na uchungu, Mjomba."

"Uchungu ni wako. Lakini jana, leo na kesho, anayelala kwenye saruji ya mahabusu ni Mutinda."

"Na baba je?"

"Baba yako ana mdomo wake. Wewe nenda kayafute yale maelezo uliyotia sahihi. Na ukiulizwa habari za sikio la mbuzi, utajibu ulichokiona. Safari hii umeona."

Nilirudi Kishushe nikamkuta baba kwenye zizi. Nikamwambia ninachokwenda kufanya. Akaegemea nguzo ile aliyomfungia Jeki.

"Nilimfunga ili asife," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungejua."

"Na Mutinda?"

"Nilidhani watamwachilia baada ya siku mbili." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Fisi walikuwa wanatumaliza, Wakesho, nikautia mzoga wa yule jike dawa ya kupe. Sikuwaza mbwa. Sikuwaza hao ndege."

Asubuhi akavaa shati lake la kanisani, tukaenda pamoja. Sikumwomba aje. Yule afisa mpole aliniangalia kwa namna ambayo sitaisahau, akaniambia kwamba hata mimi naweza kushtakiwa kwa kudanganya polisi, na kwamba ninaonywa tu kwa kuwa nimerudi mwenyewe kabla kesi haijasikizwa. Kisha akachukua karatasi nyingine akamgeukia baba.

Baba alikiri kortini. Akafungwa. Alitoka amekonda na mvi zimemjaa, na tangu hapo hakuwahi kunilaumu hata mara moja, wala hakuwahi kunisifu. Mbuzi nilichunga peke yangu, bila mbwa.

Mutinda alikuwa amekaa ndani siku kumi na moja. Katika siku hizo nyegere, wale wezi wa asali, walikuwa wamepindua mizinga yake, na Mama Mwende peke yake hakuweza kuwafukuza. Kabla ya mvua akaamua kuhama. Siku ya kupakia vitu nilivuka korongo kwenda kusaidia. Nikashika debe moja. Akaja akalitoa mkononi mwangu, bila hasira.

"Acha," akasema. "Usiguse."

Hilo ndilo neno la mwisho nililosikia kutoka kwake. Nimeolewa, nimezaa, nimezeeka, na bado nalisikia.

Sasa sikiliza. Sikwambii usimshuku mtu. Mimi mwenyewe ni mtu wa shaka hadi leo, na wako watu wanaostahili kushukiwa. Mnyama wako akiumizwa, au ukikuta mtego wa waya au mzoga uliotiwa sumu, nenda karipoti. Sheria iliwekwa kwa ajili ya wanyama kwa sababu wao hawawezi kwenda kituoni. Lakini ukifika pale, toa ulichokiona na ukomee hapo. Sema mbwa alikuwa na mapovu. Sema saa na mahali. Daktari wa mifugo apime, askari wachunguze. Jina la mtu usilitoe kwa kuwa amewahi kukukasirikia, au kwa kuwa kabila lake si lako, wala usilirushe kwenye hivyo vikundi vyenu vya simu ambako watu mia wanasoma kabla hujamaliza kufikiri. Na ukiulizwa "ulimwona?" na hukumwona, sema sikumwona, hata kama kalamu itawekwa chini.

Sumu usiiguse, hata fisi wakikumalizia zizi lote. Haimchagui inayemuua. Na siku utakapogundua kwamba kosa limetoka nyumbani kwako, usimwache jirani alibebe, hata kwa siku mbili.

Mungu akulindie macho yako yaone sawasawa, na mdomo wako usizidi macho. Akupe majirani wema, na akujalie wewe uwe jirani mwema kwao. Mifugo yako izae, na walio porini wakupite kwa amani. Enenda salama, mwanangu.