Zamu ya Paskali

Katika mchezo wangu wa kwanza wa sataranji, nilimtoa mfalme nje. Nilisogeza askari aliyemkinga, kisha nikamsukuma mfalme mwenyewe hatua kwa hatua hadi katikati ya ubao, huku nikijiona jemadari. Kwetu Bariadi tunacheza drafti kwa vizibo vya soda, na kwenye drafti kingi ndiye mwenye nguvu, anatamba ubao mzima. Paskali alinitazama mpaka nilipozikaribia kete zake.

"Masanja, uyu mufalme anaenda wapi?"

"Anawafuata nyie."

"Yeye hapiganaki. Anakaaka ku nyumba. Wengine ndio wanapigana."

Nilifurahi sana. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kukaa nyumbani, kumbe ni cheo.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mashariki mwa Kongo, ndani ya ghala alilolitunza Paskali. Nilikuwa nimefika na lori la mchele wa kwetu. Kabla ya hapo safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Mwanza, na jioni yake nikarudi. Kabula, mke wangu, mama wa mtoto wetu Kija, ndiye aliyenihimiza niende. Alisema angalau atapika bila mtu wa kufunuafunua sufuria. Mnunuzi akachelewa siku nyingi, dereva akawa analala ndani ya lori, na sisi wawili tukabaki na ubao na chai ya tangawizi.

Kosa la pili lilidumu zaidi. Sikutaka kete yangu yoyote iliwe. Nilizirundika kona moja, zikakosa pa kupita.

"Unachunga ao unacheza?" Paskali aliniuliza.

Nikamwambia kwetu ng'ombe hatoki zizini bila sababu; anatoka kwa mahari, na hata hapo mwenyewe hulala na majonzi. Akacheka mpaka akaimwaga chai. Nami nilimfundisha salamu ya asubuhi ya Kisukuma, mwangaluka. Aliitoa asubuhi, mchana na jioni. Sikumrekebisha. Ilikuwa raha kuisikia huko mbali, hata ikiwa imepotea saa.

Kisha siku moja nikasikia kama watu wanashusha mabati mtaa wa pili. Nikauliza nani anajenga.

Paskali alikuwa ameshafunga mlango.

Tulijilaza nyuma ya magunia ya mchele, dereva naye akaja. Mabomu yalipoanguka karibu, vumbi la pumba lilitumiminikia. Yakitulia kidogo, Paskali anavuta ubao.

"Cheza. Ukiwaza farasi, hauwazi kile."

Nikawaza farasi. Na kwa mara ya kwanza nikamweka mahali pa maana: aliwabana mfalme na malkia wa Paskali kwa pamoja. Paskali akainama juu ya ubao kwa muda mrefu. Akafyonza meno, kama alivyofanya kila alipoanza kuniheshimu.

Nje kulikuwa kimya.

Mama yake aliishi peke yake, mtaa wa chini. Paskali akasimama, akavaa viatu.

"Naenda kumuleta mama. Usiguse kitu. Ni zamu yangu, nitawaza njiani."

Nilitaka kumwambia mfalme anakaa nyumbani. Lakini yule ni mama yake.

Akatoka.

Milio ikarudi, upande wa chini.

Tulingoja mpaka kesho yake. Waliokuja ni watu wenye bunduki. Waliukuta mchele, wakauchukua pamoja na lori, wakatuambia tuondoke. Ubao niliuacha vilevile, juu ya gunia tupu, ili akirudi asinisingizie kwamba nimeiba hatua. Tukavuka mpaka kwa miguu.

Huku nyumbani hasara ya mchele watu waliielewa, wakaja kutupa pole. Hii nyingine sijui niwaambieje. Nilimfahamu mtu muda mfupi kuliko msimu wa palizi, na bado kila jioni watu wakisalimiana, nasikiliza kama kuna atakayesema mwangaluka. Namba yake iliita siku moja bila kupokelewa. Tangu hapo haipatikani.

Nilichonga kete zangu kwa mbao za masanduku, nikazipanga jinsi tulivyoziacha: farasi wangu pale, mfalme na malkia wa Paskali wakimsubiri aamue. Ubao uko kwenye kigoda karibu na dirisha. Kabula anafuta vumbi kwa kuuzunguka.

Wiki iliyopita Mama Minza, jirani yetu, alikuja kuomba chumvi. Akauliza mchezo gani huo usioisha. Nikamweleza yote, hadi zamu ni ya nani. Alisikiliza kwa utulivu, chumvi mkononi, kisha akavuta kiti akaketi upande wa Paskali.

"Baba Kija, huyo mtu amekufa. Panga upya, unifundishe."